Kula na Kutembea Ugenini: Ushauri kwa Anayehamia Basotu

Basotu ni kata ya wilaya ya Hanang, mkoa wa Manyara, magharibi ya Mlima Hanang, kando ya ziwa la maji yasiyo na chumvi lenye jina hilohilo. Uwanda wake uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na una mashimo mengi ya volkeno za kale. Wenyeji wake ni Wabarbaig, ambao ni tawi la Wadatoga, pamoja na Wairaqw. Wanyaturu na Wanyiramba wametoka upande wa Singida, na wavuvi na wachuuzi wametoka kila upande. Kila mwaka huongezeka mwalimu aliyepangiwa kituo kutoka Pemba, muuguzi wa Bukoba au bwana shamba wa Mbeya. Kwa aliyekulia pwani, hapa ni ugenini kamili: hakuna nazi wala minazi, Juni na Julai upepo hupenya hadi ndani ya blanketi, na chai hunywewa kwa maziwa.

Wageni si jambo jipya Basotu. Kuanzia 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, Kanada ilishirikiana na Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, kuendesha mashamba saba makubwa ya ngano katika uwanda huu. Kwa jumla yalifikia takriban hekta 40,000, na wataalamu wa Kanada waliishi hapa miaka mingi. Ngano hiyo ilikusudiwa mikate ya mijini. Jikoni mwa wenyeji ugali uliendelea kuwa wa mahindi na mtama. Shughuli kubwa ya chakula iliweza kuendeshwa juu ya ardhi bila kugusa sufuria ya jirani, na mgeni mmojammoja naye anaweza kufanya hivyo: akakaa miaka mitatu akila wali wa dukani na samaki wa kopo, kisha akaondoka akisema Basotu hakuna chakula. Anayependa kula na kusafiri, na anayetaka mapenzi hayo yadumu ugenini, hujifunza kwanza kitu gani hupatikana lini, nani anacho, na kinaliwaje bila madhara. Mapishi huja baadaye.

Jambo la kwanza la kujua ni mvua. Eneo hili lina msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na katikati yake mara nyingi kuna kipindi cha ukavu. Wakati wa mvua maziwa ni mengi na mboga za majani, pamoja na mlenda, hupatikana karibu bure, lakini debe la mahindi hupanda bei kwa kuwa akiba ya mwaka uliopita inakwisha. Maharage mabichi huanza kuonekana mvua ikielekea ukingoni. Mahindi makavu, alizeti na mbaazi hujaa sokoni kuanzia katikati ya mwaka. Hapo ndipo mwenye mshahara hununua gunia zima na kulihifadhi vizuri, badala ya kuja kununua kwa kisado mwezi Februari kwa bei ya kuumiza. Mafuta ya alizeti hununuliwa vizuri zaidi kwenye mashine za kukamulia za mjini Katesh au Babati baada ya mavuno. Mafuta mapya yana harufu ya mbegu na rangi ya dhahabu, na yakikaa siku chache masimbi yake hutuama chini, kwa hiyo humiminwa taratibu bila kutikiswa.

Jambo la pili ni mnada. Siku ya mnada ndiyo siku ya kula nyama Basotu, na tarehe zake huulizwa kwa mtendaji wa kijiji au kwa makondakta wa noah za Katesh, ambao huzijua kuliko kalenda yoyote ya ukutani. Ng'ombe na mbuzi huuzwa asubuhi, na ifikapo saa tano moshi umeshatanda upande wa wachoma nyama. Uchomaji wa hapa hauhitaji wavu. Nyama hutungwa kwenye vijiti virefu, vijiti huchomekwa ardhini kuzunguka moto, na mchomaji huvigeuza kila mara huku mafuta yakidondoka pembeni badala ya kwenye makaa. Nyama hiyo huiva polepole, nje ikakauka na ndani ikabaki na maji yake. Mnunuzi huchagua kipande kikiwa kibichi, hukipima, hulipa, kisha husimama karibu. Anayekwenda kuzunguka sokoni na kurudi baada ya saa moja asishangae kukuta mbavu zake zimekuwa nyepesi. Chumvi na pilipili huletwa kwenye kipande cha karatasi, na ugali huagizwa kwa mama lishe wa jirani. Mwenye kufuata masharti ya dini aulize mapema nani amechinja. Swali hilo ni la kawaida hapa na hujibiwa bila kinyongo, kwa sababu Waislamu, Wakristo na wafuasi wa dini za jadi hununua mahali pamoja.

Nyama ina tahadhari zake, na hizi hazina mjadala. Ng'ombe au mbuzi aliyekufa mwenyewe haliwi, hata kama bei yake ni ya kutupa, kwa kuwa kimeta hutokea mara kwa mara katika maeneo ya wafugaji kaskazini mwa Tanzania na huua. Kitimoto, ambacho kina wapenzi wengi kuanzia Babati hadi Haydom, kiliwe kikiwa kimeiva hadi ndani. Mbulu na maeneo ya jirani yamefanyiwa utafiti mwingi kuhusu tegu wa nguruwe, na watafiti wamehusisha minyoo hiyo, lava wake wakifika kwenye ubongo, na kifafa. Nyama yenye vijipunje vyeupe kama punje za mchele irudishwe kwa muuzaji. Kuna jambo ambalo wengi hawalijui: lava wa ubongo hutokana na kumeza mayai ya tegu yanayotoka kwenye kinyesi cha binadamu. Kwa hiyo hata asiyekula nguruwe kabisa hujikinga kwa choo bora, kunawa mikono na kuosha kachumbari kwa maji salama.

Samaki wa Ziwa Basotu, perege na kambare, hununuliwa asubuhi mitumbwi inaporudi. Mashavu yawe mekundu, macho yawe yamejaa, na tumbo likibonyezwa lirudi. Mtu wa pwani atawaona ni wadogo na wana harufu ya matope, hasa kambare. Dawa yake ni kumtoa ngozi au kumsugua kwa chumvi na ndimu, kumkausha kwa moshi nusu siku, kisha kumpika kwa nyanya nyingi na vitunguu saumu. Nyanda za juu za Mbulu hulima vitunguu saumu vizuri sana. Punje zake ni ndogo na kali, na haifai kununua vya mbali wakati vya jirani vipo. Ziwa lenyewe lisitumiwe kwa kuogelea bila kuwauliza wavuvi. Viboko hutembea ufukweni usiku na alfajiri, na katika maziwa ya maji baridi ya nchi hii kichocho hakipaswi kupuuzwa.

Maziwa ndiyo fahari ya nyumba ya Mdatoga. Huhifadhiwa katika kibuyu kilichosafishwa kwa kijinga cha moto, na masizi hayo ndiyo huyapa ladha ya moshi ambayo mgeni huipenda au huikataa siku ya kwanza, akakosa nafasi ya kubadili mawazo. Tatizo ni kwamba maziwa yasiyochemshwa yanaweza kubeba brusela, ugonjwa unaotupa mimba za ng'ombe na kumpa binadamu homa ya muda mrefu, maumivu ya viungo na uchovu. Mara nyingi homa hiyo hudhaniwa kuwa malaria. Maziwa mabichi yakigandishwa hayawi salama kwa sababu tu yamekuwa machachu. Njia ya kuhifadhi afya na heshima kwa pamoja ni kuomba chai ya maziwa, ambayo lazima ichemke, na kwa matumizi ya nyumbani kuchemsha maziwa kwanza, kuyapoza hadi vuguvugu, kisha kuyatia kijiko cha mtindi wa jana. Anayetaka ile ladha ya moshi anunue kibuyu na kuomba mama mwenye nyumba amwoneshe namna ya kukifukiza. Mafundisho hayo huchukua mchana mzima na humfanya mgeni ajulikane kijijini kwa sababu nzuri.

Nafaka hutazamwa kwa jicho kali. Mwaka 2016 sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa mahindi na karanga, iliua takriban watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Sumu hiyo haionekani na haiishi kwa kupikwa. Punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitolewe kabla ya kusaga, na zisipelekwe kwenye pombe wala kwa kuku. Gunia liwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta, na mahindi yakaushwe juu ya turubai. Unga wa dona una virutubisho zaidi kuliko sembe, lakini kwa mahindi yasiyochambuliwa faida hiyo haina maana.

Maji yana fumbo lake. Bonde la Ufa lina madini ya floraidi katika visima vingi vya Arusha, Manyara na Singida, na floraidi ndiyo hutia madoa ya kahawia kwenye meno ya watoto, na ikizidi sana hukakamaza mifupa. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini floraidi haiondoki. Maji yakipungua sufuriani, yaliyobaki huwa nayo zaidi. Kwa hiyo kabla ya kupanga nyumba mgeni aulize kisima kimepimwa lini, na kama ana watoto wadogo aweke tangi la kuvuna maji ya mvua. Vichujio vya mkaa wa mifupa, vilivyoendelezwa na kituo cha Ngurdoto mkoani Arusha, husaidia pia. Jambo hili huingia jikoni kwa mlango mwingine: magadi, ambayo wapishi wengi huyatia kwenye makande na maharage ili yaive upesi, nayo yana floraidi. Afadhali kulaza maharage usiku kucha. Kwenye mwinuko huu maji huchemka karibu nyuzi 95 badala ya 100, na ndiyo maana maharage yaliyochukua saa mbili Dar es Salaam hapa huchukua zaidi. Sufuria ya presha humaliza ugomvi huo na kuokoa mkaa mwingi. Ni kitu cha jikoni kinachostahili nafasi kwenye sanduku kuliko kingine chochote.

Sanduku la anayehama huwa dogo kuliko hamu zake, kwa hiyo kinachobebwa kiwe kikavu, chepesi na kisichopatikana. Iliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga na binzari nyembamba hukaa mwaka mzima katika kopo moja. Ng'onda hubebeka vizuri, ila abiria walio karibu watalalamika. Nazi hufika masoko ya Babati na Arusha na huweza kutumwa kwa basi hadi Katesh, lakini zikifika zikiwa chache na ghali hakuna sababu ya kung'ang'ania tui la nazi kila siku. Tui la karanga huungana vizuri na mchicha na mlenda wa hapa, na kwa kuku wa kienyeji wa upande wa Singida mtindi hufanya kazi ambayo nazi haiwezi. Mchele wa Magugu, wilayani Babati, una harufu nzuri na hautakuwa mgeni katika pilau yoyote. Chumvi inayokusanywa wakati wa kiangazi kandokando ya Ziwa Balangida, upande wa Gendabi, ina ladha yake, lakini haijatiwa madini joto. Ya dukani iliyotiwa ndiyo iwe ya mezani kila siku, hasa palipo na mjamzito au mtoto.

Kula kwa watu kunahitaji kujulikana kwanza. Mgeni huripoti kwa mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wa kitongoji ndani ya siku zake za kwanza. Wazee hupewa shikamoo kabla ya swali lolote, hata kama swali ni bei ya kuku. Wenyeji wafugaji hujiita Wadatoga. Jina la Wamang'ati limetoka kwa Wamasai, na si kila mtu hulipenda. Anayealikwa aende na sukari au majani ya chai, na apokee chakula kwa mkono wa kulia. Pombe ya asali ya Wadatoga ni ya wazee na ya shughuli kubwa. Mgeni akipewa ni heshima, na asiyekunywa hushika chombo, hushukuru na kumpa mzee aliye karibu bila hotuba ndefu ya kujitetea. Gongo haiguswi. Ni haramu kisheria, na hakuna anayejua ndani yake kuna nini.

Safari za karibu huanzia Katesh, kwenye lami ya Babati hadi Singida, ambako mabasi ya kwenda Arusha na Mwanza hupita. Kati ya Katesh na Basotu tatizo ni udongo mweusi. Mvua ikinyesha saa moja tu, bodaboda hugeuka sanamu la tope, na mwenye busara hulala alipo. Mlima Hanang una zaidi ya mita 3,400 na ni miongoni mwa milima mirefu kabisa nchini. Ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, kwa hiyo kibali na mwongozaji hutafutwa Katesh kabla ya kupanda. Njia ya Jorodom hupandwa na kushukwa kwa siku moja ndefu na wenye miguu mizuri, na kwa wengine ni bora kulala njiani. Maji yote hubebwa kutoka chini, na chakula kiwe cha kushikwa mkononi: viazi vilivyochemshwa, mayai, karanga, maandazi. Karibu na kilele njia hupita kwenye mgongo mwembamba wa mlima, na ukungu ukishuka hapo hakuna aibu kugeuka. Msimu wa kupanda ni kiangazi. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe kutoka mlimani yaliporomoka hadi Katesh na vijiji vya jirani na kuua zaidi ya watu 80. Familia nyingi za hapa bado zina jeraha hilo, kwa hiyo mgeni asilifanye mazungumzo ya kupitishia muda wala kupiga picha makorongo yale kana kwamba ni vivutio.

Uwanda wa ngano nao una kumbukumbu yake. Wabarbaig walipoteza malisho yao bora kwa mashamba yale, na kesi ya kijiji cha Mulbadaw dhidi ya NAFCO ilifika hadi Mahakama ya Rufani katika miaka ya 1980, ambako wanakijiji walishindwa. Baadhi ya makaburi ya heshima ya wazee wao, yale matuta yaitwayo bung'eda, yalilimwa na matrekta. Baadaye sehemu ya mashamba ilibinafsishwa na sehemu ikarudi kwa wananchi. Msafiri anayekata njia mashambani kwenda ziwani au kwenye mashimo ya volkeno aende na kijana wa hapo, asipande juu ya tuta lolote, na asianze yeye kuuliza habari za ardhi mnadani.

Kwa mapumziko marefu zaidi, Haydom iko jirani, na hospitali yake ya Kilutheri iliyoanzishwa na Wanorwe mwaka 1955 imeufanya mji huo mdogo uzoee wageni. Kutoka hapo barabara huenda Mbulu na Karatu, na kisha Mang'ola kwenye Ziwa Eyasi, nchi ya vitunguu, Wahadzabe na wahunzi wa Kidatoga. Upande wa kusini, barabara ya Babati kwenda Dodoma hupita Kolo, penye michoro ya miambani ya Kondoa iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Gari la asubuhi ndilo la kupanda, na chakula kiliwe mahali ambapo madereva wa malori wamesimama, kwa kuwa hapo sufuria haipoi.

Baadhi ya waliozoea Basotu huondoka tena kwenda mbali zaidi, na uhusiano wa Haydom na Norwe umewapeleka wengine hadi huko kwa masomo. Mzigo wa jikoni kwa safari hiyo una sheria zake. Norwe na nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu abiria kutoka Tanzania kuingia na nyama wala maziwa, hata nyama iliyokaushwa na mama. Samaki waliokaushwa huruhusiwa hadi kilo 20, na asali hadi kilo 2, kwa matumizi binafsi. Kanada hutaka kila chakula kitajwe forodhani, na anayeficha hutozwa faini. Unga wa mahindi meupe haubebwi, kwani maduka ya Waafrika na Waasia yanao, na mjini Oslo hupatikana mtaa wa Grønland. Mtindi pia una ndugu yake huko, kulturmelk, ambayo kwa makande hutosha kabisa. Kinachofaa kubebwa ni mlenda uliokaushwa na kusagwa, ukiwa mkavu kabisa, umefungwa vizuri na kuandikwa jina lake. Kabla ya kukata tiketi, masharti ya mimea na mbegu ya nchi husika yaulizwe ubalozini au kwenye tovuti ya forodha yake, kwa sababu hubadilika.